Kurekodi albamu ya kwanza ya panki ya gereji: mwongozo kamili kwa bendi isiyo na studio

Mwaka 1965 The Sonics, vijana watano wa Tacoma, jimbo la Washington huko Marekani, walitoa albamu iitwayo Here Are The Sonics!!! kupitia lebo ndogo ya Etiquette. Walirekodi Seattle kwa fundi Kearney Barton, kwenye mashine ya traki mbili (njia mbili za kurekodia), na seti nzima ya dramu ikanaswa kwa maiki moja. Ukiisikiliza leo utadhani spika zako zimepasuka. Bendi za gereji, zinazopiga roki chafu ya haraka, duniani kote bado zinaifukuzia sauti ile, na nyingi hazifiki, kwa sababu zinaanzia mwisho: zinarekodi safi, kisha zinatafuta programu ya kuchafua.

Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Uchafu utoke kwenye mikono, amplifaya na chumba, nanyi mrekodi kile kilichopo kwa vifaa vichache mnavyovielewa. Nachukulia kwamba mna gita, besi au kinanda, dramu, mtu wa kupiga kelele mbele, na fedha kidogo.

Nyimbo kwanza, waya baadaye

Lengeni nyimbo 10 hadi 12 za dakika mbili mbili. Albamu ya kwanza ya bendi ya Ramones, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 katika takriban dakika 29, na iligharimu kama dola 6,400. Katika nyimbo 12 za Sonics, nne tu ndizo zao. Nyingine ni vibao vya watu ambavyo walikuwa wakivipiga kwenye kumbi za dansi. Kwa hiyo msione haya kuweka nyimbo mbili tatu za watu wengine, ila mkumbuke kwamba wimbo wa mtu una mwenyewe, na haki yake inalipiwa.

Fanyeni mazoezi hadi muweze kupiga albamu nzima mfululizo bila mtu kuuliza "inayofuata ipi?" Mwanzo na mwisho wa kila wimbo ndivyo vipimo. Bendi nyingi changa zinajua katikati vizuri sana, lakini hazijakubaliana wimbo unaishaje, na kwenye rekodi hilo linasikika kuliko noti iliyokosewa.

Kisha wekeni simu kwenye kona ya mbali ya chumba cha mazoezi na murekodi nyimbo zote. Sauti itakuwa mbovu, lakini hiyo ndiyo faida yake, maana kibao kinachosisimua kwenye rekodi ya simu kitasisimua popote. Kile kinachopooza hapo hakitaokolewa na maiki ya bei. Nyimbo mbili dhaifu zitupwe siku hiyohiyo. Mtagombana kidogo; bora mgombane sasa kuliko mkiwa mnalipia ukumbi.

Suala la kupiga kwa kufuata mlio wa metronomu: mimi nasema hapana. Muziki huu unakimbia kidogo kwenye kiitikio na kurudi kwenye ubeti, na mbio hizo ndizo damu yake. Mpiga dramu afanye mazoezi na metronomu nyumbani, siku ya kurekodi aiache huko.

Chumba na umeme

Gereji, stoo, darasa tupu, ukumbi wa kanisa siku za kazi, vyote vinafaa. Ingieni, pigeni kofi moja kubwa, msikilize. Mkisikia mlio wa haraka unaotetemeka kati ya kuta mbili, tundikeni blanketi zito au egemezeni godoro kwenye ukuta mmojawapo. Msifunike kila kitu. Chumba kilichofunikwa kabisa kinafanya dramu zisikike kama maboksi, na hapo ndipo mtu anaanza kuongeza mwangwi wa kompyuta ambao hamkuuhitaji. Zulia chini ya dramu linatosha kwa kuanzia, tena linazuia dramu la mguu lisiteleze. Paa la bati ni zuri kwa sauti ya ukali, ila mvua ikianza, kazi imekwisha.

Umeme ndio unaoharibu rekodi nyingi zaidi kuliko maiki mbovu. Mvumo wa chini usiokoma ni umeme wa Hz 50 unaoingia kwenye waya za gita. Chomekeni amplifaya zote na mashine ya kurekodi kwenye soketi moja kupitia ekstensheni yenye ubora, zimeni taa za tyubu na vidhibiti mwanga, na mpiga gita ageuke taratibu mpaka apate pembe ambayo mvumo unapungua. Kamwe msikate pini ya ardhi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Mwimbaji anayegusa maiki ya chuma huku mwenzake ameshika gita la amplifaya isiyo na ardhi anaweza kufa pale pale.

Mashine: kaseti au kompyuta?

Kaseti ya traki nne ilianza na Portastudio 144 ya TEAC mwaka 1979, na mwaka 1982 mwanamuziki Bruce Springsteen alitoa Nebraska, albamu aliyoirekodi chumbani kwa mashine hiyo. Ukipata inayofanya kazi, ichukue, lakini ikague kwanza: mkanda wa mpira haujalegea, vitufe vyote vya kurekodi vinashika, kila traki inarekodi na kusoma. Safisheni kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti ya isopropili kabla ya kila kipindi, hadi pamba itoke haina rangi ya kahawia. Tumieni kaseti za kromu za dakika 60, siyo 90, kwa sababu utepe wa 90 ni mwembamba na huvutika. Mashine inatumia traki zote nne kuelekea upande mmoja, na kama ni ya kasi maradufu, kaseti ya dakika 60 itawapa dakika 15 tu. Nunueni za kutosha.

Kompyuta mpakato na kiolesura (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) cha maiki mbili au nne vinafanya kazi hiyohiyo bila masharti. Programu ya kurekodi ya Audacity ni ya bure. Reaper inalipiwa lakini bei yake ni ya watu wa kawaida. Rekodini kwa biti 24. Jambo moja tu la kulishika: utepe ukizidiwa unakandamiza sauti na kuipa joto, ila kompyuta ikizidiwa inakata wimbi kama panga na kutoa mlio wa vioo kuvunjika. Hivyo amplifaya ilie kadiri inavyotaka, lakini taa nyekundu ya kiolesura isiwake hata mara moja. Vilele vikae kati ya desibeli −12 na −6.

Mkitumia kompyuta, jiwekeeni mwiko wa traki nne au sita. Bendi yenye traki 64 mbele yake huanza kuahirisha maamuzi, na albamu inaishia kwenye folda.

Dramu

Hapa ndipo pa kutumia nusu ya siku. Tyuni kwanza: kaza ngozi ya sneya (dramu dogo lenye waya chini), toa kitambaa kilichosahaulika ndani, bana boliti zinazolia. Dramu mbovu kwa maiki nzuri bado ni dramu mbovu.

Kwa maiki moja, isimamisheni mbele ya dramu umbali wa kama mita moja, usawa wa kifua cha mpigaji aliyeketi, iangalie sneya ikipita juu ya ukingo wa dramu la mguu. Rekodini nusu dakika, msikilize kwa hedifoni. Matoazi yakimeza kila kitu, ishusheni. Dramu la mguu likipotea, isogezeni karibu na chini kidogo. Sneya ikisikika mbali, izungusheni upande wake. Kila safari hamisheni kitu kimoja tu, kwa upana wa kiganja, halafu mrekodi tena. Mtu asiyepiga ndiye ahamishe maiki, kwa sababu mpiga dramu akiinuka na kuketi tena hapigi kwa nguvu ileile.

Mkiwa na maiki mbili, moja iwe juu ya sneya na ya pili juu ya bega la kulia la mpigaji, ikiangalia sneya. Chukueni kamba, shikeni ncha katikati ya sneya, mpime hadi maiki ya kwanza. Urefu huohuo ufike maiki ya pili. Umbali ukitofautiana, mlio wa sneya unafika kwa nyakati mbili, mawimbi yanakatana, na sneya inabaki ngozi bila mwili.

Mwenye kazi ya kusawazisha ni mpigaji mwenyewe. Mwambieni apige ngozi kwa nguvu na matoazi kwa upole. Ni agizo gumu kwa mtu wa panki, ambaye kwa kawaida anafanya kinyume, lakini hakuna kitufe kitakachomfanyia hilo baadaye.

Gita na besi

Amplifaya ndogo iliyofunguliwa hadi mwisho inashinda kubwa iliyobanwa kwenye moja. Ya wati 5 hadi 15 yenye valvu inatosha sana. Ya transista ya kujifunzia, ile iliyotupwa uvunguni, mara nyingine ndiyo inayotoa mlio wa nyuki mnaoutafuta. Mwaka 1958 mpiga gita Link Wray alitoboa spika zake kwa penseli ili zikwaruze. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks alichana koni ya spika kwa wembe. Kama mna spika ya zamani isiyo na thamani, jaribuni. Yenye thamani iacheni, tafuteni pedali ya fazi, kifaa cha kukwaruza sauti ya gita.

Maiki ya Shure SM57, ambayo nayo ilianza kuuzwa mwaka 1965, bado ndiyo chaguo la kawaida hapa, na nakala feki ni nyingi sokoni, basi mnunue mahali mnapoweza kuijaribu. Iwekeni sentimita mbili hadi tano kutoka kwenye kitambaa cha spika. Katikati ya koni kuna ukali unaotoboa sikio. Ukingoni kuna giza. Anzieni nusu ya njia. Punguzeni uchafu wa pedali kidogo kuliko mnavyopenda jukwaani, maana fazi nyingi kwenye rekodi inageuka ukungu na mpigo wa mkono unapotea.

Besi inaweza kuingia moja kwa moja kwa waya, au kupitia amplifaya ndogo inayokoroma. Hata kukosa besi si kilema. The Gories wa Detroit na Oblivians wa Memphis walijenga majina yao bila mpiga besi. Gita la pili lilishuka chini kujaza nafasi.

Pigeni pamoja

Dramu, gita na besi virekodiwe kwa wakati mmoja, chumba kimoja, mkitazamana. Wasikilizaji wa muziki wa dansi wanaijua njia hii: ndivyo bendi zilivyorekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kikosi kizima kikipiga kwa pamoja, na nguvu ya rekodi zile haikutokana na wingi wa mitambo.

Sauti zitavuja, gita litaingia kwenye maiki ya dramu. Liacheni livuje kwa kiasi. Kuvuja huko ndiko kunakoifanya rekodi isikike kama chumba kimoja. Geuzeni amplifaya zisiielekee maiki ya dramu, basi. Bei yake ni kwamba hamwezi kumrekebisha mtu mmoja peke yake. Mmoja akiharibu, wote mnarudia.

Kila wimbo upewe teki (majaribio ya kurekodi) tatu, kisha songeni mbele hata kama hamjaridhika. Utakaogoma mtaurudia baada ya kula. Mtu mmoja akae na karatasi: wimbo, namba ya teki, neno moja la maoni. Msisikilize kila teki mara tu baada ya kupiga, mtapoa.

Makosa gani yabaki? Kosa la mtu aliyekuwa anaendelea mbele libaki. Kosa la mtu aliyesita litupwe. Mfano upo kwenye "Louie Louie" ya The Kingsmen, iliyorekodiwa Portland mwaka 1963. Baada ya solo mwimbaji Jack Ely anaingia mapema, anagundua, ananyamaza, mpiga dramu anaziba pengo, wanaendelea. Haikurekebishwa, na wimbo ukawa mojawapo ya vibao maarufu vya zama zile.

Sauti ya mwimbaji

Maiki ya Ely ilining'inia juu, akawa anainua kichwa na kupaza sauti. FBI walichunguza kama maneno ni matusi, na hitimisho lao likawa kwamba hayaeleweki. Ukungu wa namna hiyo unapendeza, lakini kwa albamu nzima unachosha. Nashauri kiitikio kieleweke, beti zijitafutie.

Mwimbaji arekodi baada ya bendi, amesimama, maiki mkononi kama jukwaani. Kupata ukali wa kweli, ipitisheni sauti yake kwenye amplifaya ndogo ya gita na murekodi spika hiyo kwa maiki nyingine, wakati huohuo sauti safi ikiingia traki ya pembeni kama bima. Mwangwi mmoja mfupi wa milisekunde 80 hadi 120 unampa mwili bila kumpeleka pangoni. Nyimbo za kupiga mayowe ziwe mwisho wa siku, tena siyo zaidi ya tatu kwa kipindi. Maji ya uvuguvugu, na koo likianza kuuma, simameni.

Kuunganisha traki kwenye kaseti

Wenye kompyuta wanaweza kuruka hapa. Kwenye kaseti, dramu ziende traki ya 1, gita na besi pamoja kwenye ya 2, mmeshazisawazisha. Kisha hamishieni 1 na 2 kwenye ya 4, na mtu atikise tari au apige makofi moja kwa moja wakati wa kuhamisha. Mnapata ala ya ziada bila kulipa traki. Sasa 1, 2 na 3 ziko huru kwa sauti, solo na waitikiaji. Epukeni kuhamishia kutoka traki ya 3 kwenda ya 4 kwa sababu zimepakana na mashine inaweza kuanza kupiga mluzi.

Kila mkihamisha, sauti za juu zinafifia, kwa hiyo ziongezeni kidogo kabla. Na kabla ya kufuta traki za mwanzo, zinakilini kwenye kompyuta, mlale, mzisikilize asubuhi.

Miksi

Anzeni na fader (vitelezi vya sauti) zote chini. Pandisheni dramu, kisha gita hadi lianze kuzitishia, kisha besi mpaka muisikie ikikosekana ukiizima, na sauti ya mwimbaji iwe nyuma kidogo ya gita. Mara nyingi hapo mko asilimia 80 ya safari.

Mono, yaani sauti zote katika njia moja, ni chaguo halali na mimi ndiyo naipenda: ngumi moja. Mkitaka stereo, iwe ya kikatili kama ya Ramones, besi upande mmoja, gita upande mwingine, dramu na sauti katikati.

Kata sauti za chini ya Hz 80 kwenye gita na Hz 100 kwenye sauti ya mwimbaji. Matope yakijaa, tafuteni kati ya Hz 250 na 400, mpunguze kidogo. Kikandamizi (kinachobana sauti kubwa) kwenye miksi nzima, uwiano wa nne kwa moja, kianze kubana baada ya milisekunde 20 hadi 30 ili mpigo wa fimbo upite, kikibana desibeli tatu hadi sita. Mkisikia miksi inavuta pumzi kwa kufuata dramu, vizuri, mradi haikohoi. Mliorekodi kwa kompyuta mnaweza kutoa miksi kwenye deki ya kaseti ya kawaida, sindano zikigusa nyekundu, na kuirudisha. Njia hii inazishinda programu nyingi zinazoiga utepe.

Sikilizeni kwenye simu, kwenye redio ya jikoni, kwenye gari la rafiki. Wimbo mmoja, saa moja ya miksi. Baada ya hapo masikio yanadanganya.

Mastering, mpangilio, kutoa

Mastering, yaani kukamilisha sauti ya albamu baada ya miksi, mpeni mtu ambaye hakuwepo kwenye kurekodi, mkimwachia nafasi ya desibeli tatu juu. Msimwombe sauti kubwa kupita wote. Spotify inashusha nyimbo hadi karibu LUFS −14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo mbio za sauti kubwa ni za bure. Kwa santuri ya inchi 12, kila upande usizidi dakika 20, besi ikiwa katikati.

Kibao kikali kiwe cha pili. Cha kwanza kiwe kinachoanza kwa ghafla zaidi. Pande mbili za kaseti zikaribiane kwa urefu, na kati ya nyimbo acheni sekunde moja, siyo tatu.

Kuhusu kutoa wenyewe, Buzzcocks wa Manchester walikopa kama pauni 500, wakarekodi nyimbo nne mwishoni mwa Desemba 1976, na Januari 1977 wakachapa nakala 1,000 kwa lebo yao wenyewe. Nyuma ya jalada waliandika kila wimbo ni teki ya ngapi na nini kiliongezwa juu. Karatasi yenu ya teki inaweza kufanya kazi hiyohiyo. Jalada la picha moja nyeusi na nyeupe, lililotolewa fotokopi, linatosha.

Kabla ya kupandisha popote, andikeni na msaini nani katunga nini na mgawo ni asilimia ngapi. Sajilini kazi: Tanzania ni COSOTA, nchi nyingine ulizeni ofisi ya hakimiliki. Nakilini kaseti 30 au 50 za kwanza nyumbani, deki kwa deki, ziuzwe mlangoni siku ya shoo. Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, ibebe walio mbali. Faili asilia, kabla ya miksi, ziwekeni kwenye diski mbili, na diski hizo zikae kwa watu wawili tofauti wa bendi, ikiwezekana wale wasioelewana.